Haki ya Kurudi Nazo Nyumbani

Nkubu ni mahali pazuri pa kuuzia chakula, na sababu kubwa ni mteremko. Ukipanda upande wa Kionyo, baridi huongezeka kila kona: majani chai, kabichi, viazi, kisha msitu wa Mlima Kenya. Ukishuka upande wa Mitunguu utavua koti njiani. Huko kuna maembe, mapapai, nyanya na migomba inayonyweshwa maji ya mfereji. Endelea kushuka na utaingia Tharaka, nchi ya mtama, mawele na ndengu. Katikati, kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Embu, ndipo Nkubu ilipo, pamoja na kahawa yake na migomba yake. Mtu aliyeamka na sweta mbili na mtu aliyelala bila blanketi hukutana hapa siku ya soko, kila mmoja amebeba kilichomzidi na anatafuta kilichompungukia.

Biashara hii ni kongwe kuliko lami. Watu wa milimani na watu wa nchi ya joto walibadilishana mavuno kabla ya shilingi kufika: vyakula vya baridi vikaenda chini, nafaka, mbuzi na asali vikapanda juu. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo upande huu wa mlima tunazitegemea kuliko zile za Machi, hazinyeshi sawasawa juu na chini, na mwaka ambao huku kunavunwa huenda kule kukawa kunaliliwa. Soko lilikuwa njia ya kuukwepa mwaka mbaya. Huko New York, mwaka 1976, ilibidi waanzishe upya soko la wakulima, Greenmarket, kwa kuwa mkulima na mlaji walikuwa wamepotezana mjini. Nkubu hawajapotezana. Anayekuuzia terere huenda anajua ulisoma na mtoto wake, na atakuuliza mbona hujaja kusalimia.

Sitaki kuzungumzia soko zima. Ndani, kwenye vibanda, wengi ni wachuuzi. Wamenunua karoti kwa gunia, wamenunua vitunguu vilivyotoka mbali, wengine wamefika alfajiri Gakoromone mjini Meru na kurudi na mzigo, na wanaishi kwa tofauti ya bei. Ninaowatazama mimi ni wale wa pembeni, waliotandika gunia chini. Hawana kibanda, na wengine hawaji kila siku ya soko. Vitu vyao havifanani: chana tatu za ndizi, nduma nne zenye udongo, maparachichi kwenye beseni, mafungu ya terere na managu, mayai ya kienyeji ndani ya kitambaa, malenge moja. Ukiona vitu visivyofanana namna hiyo vimekaa pamoja, jua vimetoka bomani kwa mtu. Dalali habebi malenge moja.

Watu husema hawa wanauza ziada. Sikubaliani nao sana. Katika boma la ekari moja lenye watoto wanne hakuna mkungu unaoota ukiwa wa kuuzwa. Jioni ya kuamkia soko mama husimama chini ya mgomba na kupiga hesabu: huu utaiva katikati ya wiki, ule bado, unga umebaki wa siku mbili, mtoto anadaiwa hela ya mtihani, chumvi imeisha, sabuni imeisha, tokeni za stima zinamalizika. Halafu anakata. Alichokata kingeliwa na mtu. Mayai hasa: ni nyumba chache ambazo mayai huzidi. Huuzwa ili yalete sukari, na mtoto aliyeyaokota kwenye kiota huenda asiyaonje hadi Krismasi. Kwa hiyo beseni lile la pembeni ni bajeti ya nyumba iliyoandikwa kwa mboga, na kila fungu lina jina la kitu kitakachonunuliwa nalo.

Yako mazao yanayozidi kweli. Maparachichi msimu wake ukichachamaa huanguka usiku kucha, na asubuhi mbuzi ndio wanaofaidi. Maembe ya kule chini, karibu na mwaka mpya, hujaa hadi mtu huona aibu kuyapangia bei. Hapo shida si kuuza, ni kumpata mtu ambaye kwake hayajaanguka. Ndiyo maana mteremko ni muhimu: wa Kionyo hana embe.

Vipimo vya pembeni havina mizani. Maharagwe na ndengu hupimwa kwa mkebe wa Kasuku, ule wa kilo mbili, na kila mnunuzi hutazama kwanza kama kitako hakijagongwa kikaingia ndani. Terere hufungwa kwa kamba kavu ya mgomba na kunyunyiziwa maji kila baada ya muda, isinyauke kabla ya kupata mwenyewe. Nyanya hupangwa mafungu: nne chini, moja juu, na ile ya juu ndiyo nzuri kuliko zote. Yenye kidonda imegeuzwa uso chini. Si ulaghai wa kupelekana polisi. Mnunuzi naye anajua, ataigeuza, muuzaji atacheka, na mazungumzo yataanzia hapo.

“Shosho, fungu hili pesa ngapi?”

“Thelathini.”

“Si ishirini?”

“Mwanangu, tangu asubuhi sijauza hata moja. Nifungulie soko, nitakuongeza.”

Anaongeza nyanya ya sita kutoka kwenye kikapu, ndogo, ya kijani upande mmoja. Mnunuzi analipa thelathini. Nimeyasikia mazungumzo haya mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyaimba, na bado huwa nasimama kuyasikiliza, kwa sababu ya kitu kimoja: shosho hana haraka. Ana kitu cha kusema hapana nacho. Mnunuzi akisisitiza ishirini, atamwambia taratibu aende akaulize kwingine, na hatamwangalia akiondoka.

Mtazame mtu huyo huyo akiwa shambani kwake, dalali amekuja na pikapu kununua mikungu. Dalali hutazama kwa jicho tu. Anauinua mkungu kwa mkono mmoja, anaurudisha chini, anataja bei kana kwamba anakusaidia kuondoa taka. Kwa viazi serikali ilijaribu kuingilia kati: kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50, ili kukomesha lumbesa, lile gunia linaloongezewa kofia juu hadi linafanana na mtu mwenye kilemba. Lumbesa haijafa, lakini angalau mkulima wa viazi ana sheria ya kunyooshea kidole. Mkungu wa ndizi bado hupimwa kwa jicho la anayeununua.

Tofauti kati ya sokoni na shambani ni nini? Wengine watasema ni ushindani: sokoni wanunuzi ni wengi, shambani ni mmoja. Ni kweli, lakini naona kuna jambo lililo chini zaidi. Shosho akikosa mnunuzi atarudi na ndizi zake. Zikiwa mbichi atazipika na maharagwe. Zikiiva, wajukuu watazimaliza kabla hajatua kikapu. Maganda ni ya mbuzi. Managu zilizonyauka kidogo zitaingia sufuriani jioni hiyo hiyo na hakuna atakayelalamika. Bei yake haiwezi kushuka chini ya thamani ya chungu chake mwenyewe. Hiyo ndiyo nguvu yote aliyo nayo, na ni nguvu kubwa kuliko inavyoonekana: haki ya kurudi nazo nyumbani.

Haki hiyo ina maadui. Wa kwanza ni nauli. Aliyeteremka na bodaboda kutoka juu akiwa na gunia la kabichi akirudi nalo analipa mara mbili, na kabichi haina bei ya kubeba nauli mbili. Wa pili ni ushuru wa soko, ambao hudaiwa asubuhi kabla hujauza chochote. Ukishaulipa unaanza siku ukiwa na deni la kujilipa. Tangu katiba ya 2010 masoko ni kazi ya kaunti, na sina ugomvi na kaunti kutoza ushuru. Ninachouliza ni kwa nini mwenye mafungu kumi ya terere adaiwe kabla ya kushika shilingi ya kwanza. Wa tatu ni jua. Nyanya iliyoiva haitaki mashauriano. Wapo wanunuzi wanaoijua hesabu hii vizuri mno. Huja saa kumi na moja jioni, wanazunguka mikono mitupu, wanasubiri muuzaji aanze kutazama upande wa stendi ya matatu. Sheria hawajavunja, lakini siwapendi.

Na wa nne, aliye mkubwa kuliko wote, ni zao lenyewe. Kuna mazao ambayo huwezi kurudi nayo nyumbani hata nauli ikiwa bure.

Kahawa ndiyo ya kwanza. Meru ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa za Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, baada ya walowezi kuihodhi kwa miaka mingi. Siibezi. Kahawa imejenga nyumba za mawe katika vilima hivi, imesomesha madaktari, na mtu aliyekuwa na miche yake alikuwa mtu. Lakini haichemshwi ikaliwa na ugali. Mwaka 1989, mfumo wa kimataifa wa kugawana masoko ya kahawa ulipovunjika, bei ziliporomoka duniani, na mkulima wa huku kwetu Imenti hakuwa na la kufanya ila kungoja chama cha ushirika kimwambie amepata kiasi gani. Hata kuing'oa hakuruhusiwa apendavyo. Wengi waliacha kuipalilia, wakachomeka migomba na maharagwe katikati ya mistari. Hakuna aliyetangaza uasi. Walirudisha chungu shambani, basi.

Kisha ikaja mishiri, yale maharagwe membamba ya kupelekwa Ulaya. Hapa ndipo hadithi ya soko la Nkubu inapogusa hadithi iliyoandikwa vitabuni. Katika miaka ya 1990 mtafiti Catherine Dolan alifanya kazi yake Imenti ya Kati, si mbali na hapa, akitazama familia zilizoingia katika kilimo hicho, na matokeo yake yalianza kuchapishwa miaka michache baadaye. Mboga katika boma la Kimeru zilikuwa kazi ya mwanamke na pesa yake ilikuwa ya mwanamke: kipande alichopewa na mume, akakilima, akauza kilichopatikana, akanunua chumvi bila kuomba. Mishiri ni mboga. Ilipaswa kuwa yake. Lakini mikataba iliandikwa kwa jina la mwenye ardhi, na mwenye ardhi kwenye hati ni mwanamume. Dolan alikuta wanawake wakifanya sehemu kubwa ya kazi, kupalilia, kuchuma na kupanga kwa ukubwa, huku sehemu kubwa ya malipo ikiishia mikononi mwa waume. Palipokuwa na ndoa tulivu pakaingia vita vya kimyakimya, hata tuhuma za uchawi. Wengine walikimbilia makanisa ya wokovu kutafuta amani.

Baadaye, mwaka 2013, Umoja wa Ulaya ulianza kukagua kwa ukali zaidi maharagwe mabichi ya Kenya kwa ajili ya mabaki ya dawa. Mzigo ukikataliwa, ulikuwa ukienda wapi? Jirani hali mishiri. Mwenyewe hali mishiri. Ilikwenda kwa ng'ombe.

Nimeyaweka haya karibu na beseni la shosho kwa makusudi. Mazao yote mawili, la beseni na mishiri, yalitoka katika udongo uleule, yakapaliliwa na mikono ileile. Moja linauzwa kwa mafungu ya shilingi thelathini na hakuna waziri aliyewahi kulitaja katika hotuba. Lingine liliingiza fedha za kigeni. Lakini lile la mafungu lilibaki mikononi mwa aliyelipanda, na lile la fedha za kigeni likateleza likaenda kwa mwingine. Pesa ya terere ni ndogo kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuichukua, na katika udogo huo ndimo mwanamke alimopata uhuru wake wa chumvi na sabuni.

Msomaji mwema atasema: basi unataka abaki maskini ili abaki huru? La. Sitaki kumpamba mtu anayekaa juani kutwa nzima na kukimbia kwenye baraza la duka mvua ikija. Shilingi mia tatu za siku ya soko hazipeleki mtoto sekondari. Ninayemwona akiamka usiku kufunga mafungu angefurahi kuwa na mnunuzi wa uhakika, mizani, na kivuli. Nami sisemi waume wa Meru ni wezi. Kuna boma ambamo baba mwenyewe ndiye anayemfunga mama mzigo kwenye bodaboda na kumwambia pesa ya mboga usinionyeshe. Wazee husimulia kwamba kiazi kikuu kilikuwa zao la mwanamume, na hakuna mke aliyelalamika. Kila mtu alijua chake. Kinacholeta shida ni pale zao linapobadilika kuwa biashara bila mtu kuuliza lilikuwa la nani.

Ndizi sasa ziko njiani kuelekea huko. Miche ya maabara imeongeza mavuno, vikundi vya wakulima vimeundwa ili kuuza pamoja kwa kilo badala ya jicho, na hilo ni jambo jema. Dalali mwenye pikapu alistahili kupata mpinzani. Mwaka 2012 watafiti wawili, Elisabeth Fischer na Matin Qaim, walichapisha walichokiona kwa wakulima wa ndizi wa Kenya waliojiunga na vikundi kama hivyo. Vikundi vilipoingia, waume walizidi kushika ndizi na pesa yake. Chakula hakikupungua wingi, lakini ubora wa mlo ulishuka kadiri mwanamume alivyozidi kushika. Anayeijua orodha ya vitu vilivyofichwa katika beseni lile la pembeni hatashangaa. Mama akiuza ndizi, jioni kutakuwa na mayai au maziwa. Pesa ikipita njia nyingine, jioni kutakuwa na ugali wa kutosha. Lakini watafiti hao waliona jambo la pili pia, na ndilo ninalolishikilia: palipokuwa na mwanamke aliyekuwa mwanachama wa kikundi kwa jina lake mwenyewe, madhara hayo yalipungua.

Kwa hiyo tatizo linatibika, tena kwa karatasi. Halihitaji bwawa wala barabara.

Korona ilitufundisha upande mwingine wa jambo hili. Mwaka 2020 masoko mengi ya wazi nchini yalifungwa kwa muda, na Naivasha maua yalitupwa kwa kuwa Ulaya haikununua. Nkubu nayo ilibanwa. Mama aliyetegemea pesa ya mboga kununua sukari alikunywa chai bila sukari. Ila alikula. Aliyepanda kitu kinacholiwa alikuwa na mnunuzi wa mwisho ambaye hawezi kufunga mipaka, yaani tumbo la nyumbani.

Zamani pesa ya soko ilifungwa kwenye pindo la leso, na kulifungua kulihitaji mwenye leso. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 pindo hilo lilihamia simuni, na leo hata shosho wa nyanya ana namba iliyoandikwa kwa makaa kwenye kipande cha boksi. Namba hiyo ni ya nani? Mara nyingi ni yake. Wakati mwingine ni ya mwanawe. Kwa kikundi cha ndizi, ukitazama daftari la malipo, mara nyingi ni ya aliyeandikwa kuwa mwenye shamba.

Maafisa wa kilimo na viongozi wa vikundi vya Imenti Kusini, mnaohimiza watu waache beseni waingie kwenye biashara kubwa, endeleeni, mizani inahitajika. Maombi ni mawili. Mkileta zao jipya, acheni robo ya shamba iwe ya kitu kinacholiwa, na msimwite mkulima mvivu kwa kuing'ang'ania. Na mkifungua daftari la wanachama, andikeni jina la anayepalilia na anayechuma, kisha pesa itumwe kwenye simu yake.